Kitambaa cha Mlango wa Abiria

Mwabungo, baada ya sala ya alasiri

Mwanangu Mishi,

Shikamoo yako ya asubuhi niliipokea ukiwa na mswaki mdomoni, na habari za nyumba hii unazijua, kwa hiyo naingia kwenye maneno. Nimekaa juu ya mkeka nyuma ya nyumba, karibu na gari lako, na kalamu hii nimeitoa kwenye mkoba wako wa kazi bila ruhusa. Mikono yangu inanuka gundi. Ukikuta karatasi zimeshikana pembeni, ujue ni gundi, usianze kuwaza machozi.

Sitakwambia ubebe madumu ya maji kwa kuwa Kinango maji ni ya kuviziwa. Riziki ameshakwambia. Sitakwambia utafute viatu vya mpira vya kuingilia zizini, wala ujikinge jua siku ya mnada wa ng'ombe, kwa sababu najua Riziki amekununulia kofia pana na wewe umeificha kwenye begi la bluu ili nisiione. Nimeiona. Ni kofia nzuri. Iliniudhi kutwa nzima.

Miaka ishirini na moja sasa huyu Riziki ni mke mwenzangu, na wewe unamwita Mama Mdogo bila ulimi kukwama. Kesho alfajiri unaondoka kwenda kuanza kazi yako ya afisa mifugo, na yeye ndiye atakayekusindikiza na kukupangia chumba. Leo umekwenda kumchukua kwake Msambweni aje alale hapa ili mtoke pamoja. Uliniuliza mimi kwanza, sikatai. Ulisimama mlangoni mwa jiko ukasema, "Mama, twende sote, gari lina nafasi." Nikakujibu kwamba nina mahamri ya watu. Mishi, hakuna mtu aliyeagiza mahamri ya kesho.

Gari umeliacha hapa kwa sababu mafuta uliyotia unataka yakufikishe Kinango. Ulipokuwa ukitoka ukautupia jicho mlango wa abiria. Kitambaa cha ndani kimeachia kuanzia juu mpaka karibu na mkono wa kupandishia kioo, kimening'inia. Ukasema, "Si kitu, Mama Mdogo atakitengeneza tukifika." Ulisema kwa wepesi, kama mtu anayetaja hali ya hewa, ukaenda zako barabarani. Hukukusudia kunichoma, lakini ulinichoma. Ulipopanda tu gari la abiria, nikachukua bisibisi ya babako.

Nilitaka ukirudi ukute tayari. Nilitaka Riziki akikaa kwenye kiti kile kesho, mkono wake uegemee kazi yangu mimi. Ndivyo nilivyo, na wewe unanijua.

Nikafungua skrubu nne, nikachomoa ule mkono wa kioo, nikabandua ubao wa ndani wa mlango kwa kisu cha meza. Vibanio viwili vya plastiki vilikatika. Usinilaumu, gari hilo ni kongwe kuliko wewe. Nikapaka gundi ya fundi viatu nyuma ya kitambaa, nikakikandamiza kwa kiganja, nikaenda kuswali adhuhuri nikiwa nimejiridhia kupita kiasi. Niliporudi kilikuwa kimening'inia vile vile. Nikapaka tena, gundi nyingi zaidi. Kikaanguka tena, na safari hii gundi ilikuwa imepenya mpaka upande wa mbele, ikaacha doa jeusi la ukubwa wa kisosi. Doa hilo halitoki. Nimejaribu mafuta ya taa, nimejaribu ndimu.

Nikakaa chini nikatazama vidole vyangu. Vilikuwa vimejaa unga wa manjano. Ile sponji nyembamba iliyo kati ya kitambaa na ubao ilikuwa imeoza kwa joto na hewa ya chumvi, imegeuka unga, na mimi nilikuwa napaka gundi juu ya unga. Unga huo naujua. Niliwahi kuuona chini ya ukucha wangu wa gumba ulipokuwa na miaka tisa, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Babako alipomwoa Riziki ulikuwa na miaka saba. Niseme mapema kwamba hakunidhulumu. Ningepata nafuu kama angenidhulumu, maana ningekuwa na la kusema mbele ya watu. Zamu zilikuwa siku mbili kwangu, siku mbili kwake, hata akiwa na homa anahama na homa yake. Akinunua samaki anakata vipande mbele ya macho ya muuzaji, sawa kwa sawa. Akinunua leso ananunua jozi mbili zenye maandishi yale yale, ili asiwepo wa kumvalia mwenzake maneno. Na garini, safari ikiwa ya wote, anayekaa mbele ni mwenye zamu. Mwanamume wa haki, babako. Nilimchukia kwa hilo kwa muda mrefu.

Riziki alikuja akiwa fundi tayari. Wakati ule alikuwa akishonea mahoteli ya Diani mito ya viti vya bustanini. Siku hizi, mwenyewe unajua, viti vya tuktuk nusu ya Ukunda vimepita mkononi mwake. Mwezi wa pili wa ndoa yake akalivisha gari lote, viti na dari na milango, kwa kitambaa cha rangi ya damu ya mzee chenye uzi wa dhahabu pembeni. Ilikuwa zawadi yake kwa babako. Babako akapita Mwabungo nzima vioo viko chini. Majirani wakatoka. "Ee bwana Hamisi, na gari nalo limeolewa!" wakamwambia, naye akacheka meno yote nje. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye gari lile miaka sita juu ya viti vilivyopasuka, vikinibana mapaja, na sikuwahi kulalamika. Hapakuwa na jirani aliyetoka kunisifia hilo.

Ulikuwa unapenda kukaa mbele pamoja nami, umebanwa kati yangu na mlango, kichwa umekiegemeza kifuani mwangu. Mimi nakupitishia mkono wa kushoto mgongoni, na vidole vyangu vinaangukia ukingoni mwa kile kitambaa, nyuma ya bega lako. Palikuwa na mahali kimekunjwa kwa ndani na kugundishwa. Siku moja ukucha wa gumba ukaingia pale. Nikavuta kidogo tu. Kikatoa kisauti cha kubanduka, nami nikajisikia vizuri. Sikuwa nimejisikia vizuri kwa muda mrefu, mwanangu.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba sikukusudia. Mara ya kwanza ni kweli, sikukusudia. Mara ya pili nilikusudia, na ya tatu nilikuwa naingojea safari kwa hamu. Kwenda sokoni Kombani, kidogo. Kwenda matanga Tiwi, kidogo. Kukupeleka kliniki ulipougua surua, wewe unawaka moto kifuani mwangu, na mimi bado kidole kinafanya kazi. Mtu aliyetuona barabarani aliona mama amemkumbatia mwanawe. Na kweli nilikuwa nimekukumbatia. Mkono ni ule ule.

Nayaandika haya kwa urefu kwa sababu wivu utakufikia na wewe, Kinango au kwingine, na sitaki uutafute mahali ambapo haupo. Watu wanadhani mwenye wivu hurusha sufuria. Wangu ulikuwa na adabu. Uliamkia wakubwa, ulipika pilau, ulimpelekea Riziki bakuli lake limefunikwa kwa kitambaa safi. Nilisifiwa na mji mzima kwa namna nilivyompokea mke mwenzangu. Ukiniuliza dawa yake, sina. Ningekuwa nayo nisingekuwa nimekaa hapa na bisibisi.

Sasa Idd.

Ilikuwa Idd ya baada ya mfungo wa Ramadhani. Tulikuwa twende kwa bibi yako Vanga, na njiani tumpitie Riziki Msambweni. Zamu ilikuwa yangu, kwa hiyo mimi na wewe mbele. Ulikuwa na gauni la kijani na viganja vimejaa hina; ulikuwa umelala umeifunga mikono kwa mifuko ya plastiki ili rangi ikolee. Tulipofika mlangoni kwa Riziki, wanawake wa mtaa walikuwa nje na watoto wao, wote katika nguo mpya. Babako akazunguka, akafungua mlango wetu kwa madaha ili watu waone gari. Kitambaa kikaanguka chote. Kilianguka juu ya mapaja yako, na ule unga wa manjano ukamwagika kwenye gauni lako.

Zawadi ya mkewe, mbele ya nyumba ya mkewe, siku ya Idd. Babako si mtu wa hasira, lakini aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akakiinua kitambaa, akauona ukingo umechokonolewa. Akakutazama wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukikaa pale.

"Nani amefanya hivi?"

"Si mimi, Baba."

"Watoto wote husema hivyo."

Akakata ufito kwenye ua wa Riziki. Alikuchapa mara tatu, kwenye viganja vile vyenye hina. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenu, pochi iko kwapani.

Riziki akatoka ndani mbio, kiatu kimoja mguuni. "Jamani, mwacheni mtoto! Kosa ni langu mimi. Ile gundi niliyotumia ilikuwa hafifu, haistahimili joto. Nilijua itaachia."

Babako akautupa ufito. Riziki akapiga magoti mchangani na nguo yake ya Idd, akakushika mikono, akavipulizia viganja vyako kimoja kimoja. Wewe ukamlalia begani. Hukuja kwangu. Nilinyoosha mkono uje, ukaniona, hukuja.

Gundi yake haikuwa hafifu. Mwanamke yule hasemi uongo hata kwa mteja anayechelewa kulipa, lakini alisema uongo mbele ya mtaa wake mzima na kuiharibu kazi yake mwenyewe kwa mdomo wake, ili wewe usichapwe mara ya nne.

Tulipofika Vanga mimi ndiye niliyegawa chai. Nikampa kikombe chake. Hina yangu ilikuwa mbichi bado, kucha nyekundu, na chini ya ukucha wa gumba palikuwa na mstari wa manjano. Riziki akautazama. Hakuutazama sana, muda wa kumeza mate. "Ahsante, Dada," akasema, akanywa chai yake.

Tangu siku ile ukawa wake. Likizo zote Msambweni. Kushona vifungo ulifundishwa na yeye, kuendesha cherehani yeye. Damu yako ya kwanza ilikupata kwake, akakueleza yeye, mimi nikapewa habari baadaye. Barua ya kazi hii ilipofika ulimpigia simu yeye kwanza. Mimi nilikuwa chumba cha pili nachagua mchele, nikasikia kelele zenu za furaha, nikaendelea kutafuta mawe mpaka mchele ukabaki mweupe tupu. Mungu hakumjaalia Riziki mtoto. Nilidhani hilo lingenitosha. Ni jambo baya kuandika, lakini nikikuachia nusu ya ukweli utaipamba mwenyewe, maana una moyo mwepesi wa kunisamehe kabla hujaambiwa kosa.

Basi leo, baada ya kulitazama lile doa kwa muda, nikampigia simu. Wewe ulikuwa hujafika kwake, nilijua unapita kwanza Gazi kuwaaga shangazi zako.

"Dada, kitambaa kimekataa?" akaniuliza kabla hata sijamaliza salamu.

"Nani amekwambia ni kitambaa?"

"Mishi amenieleza asubuhi kwamba mlango umeachia. Na wewe huna desturi ya kunipigia simu."

Nikauegemeza ubao gotini.

"Umekwangua sponji ya zamani?"

"Nimekwangua."

"Dada."

"Sijakwangua."

Hakucheka. Akanieleza pole pole, kama anavyowaeleza wanaojifunza kwake. Kwangua unga wote kwa brashi kavu, kwenye ubao na nyuma ya kitambaa, mpaka ukipitisha kiganja kitoke safi. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, uache pakauke. Kisha paka gundi pande zote mbili, nyembamba, usiimwage. Ngoja. Hapo ndipo watu wanapoharibu, alisema, wanaona gundi mbichi wanadhani ndiyo kali. Ngoja mpaka ukiigusa isikushike kidole, ndipo uweke kitambaa, uanzie katikati ukielekea pembeni, kwa kiganja, bila kuvuta.

"Na huko nyuma, Dada, pale bega linapogusa, kuna mshono wa mkono. Ule usiufumue."

Nikageuza ubao. Kweli. Alikuwa ametoboa ubao wenyewe kwa sindano ya magunia, tundu baada ya tundu, akapitisha uzi wa rangi ile ile, akaukaza, kiasi cha shibiri moja. Kwa mbele hauonekani kabisa. Pale ndipo mahali pekee ambapo kitambaa hakikuachia miaka yote hii.

"Uliutia lini?"

"Wiki ile ile ya Idd."

"Kwa nini hapo tu?"

Nikasikia cherehani yake inasimama. "Dada, mbona unajua."

"Ulijua?"

"Nilikunywa chai mkononi mwako."

"Na mbona hukusema, Riziki? Miaka yote hii?"

"Viboko vilikuwa vimeshapigwa," akasema. "Ningesema, ningempunguzia nini yule mtoto? Ningempunguzia mama."

Nilikata simu. Sikumuaga. Mwanamke mwema angelia kwa shukrani pale, lakini mimi niliona wivu, Mishi, mkali kuliko wa kofia, mkali kuliko wa lile gari siku lilipopita mjini vioo chini. Kwa miaka yote hiyo alikuwa na neno moja ambalo lingekutoa kwangu moja kwa moja, na hakulitumia. Kila nilipomnunia, kila nilipokuzuia usiende kwake kwa kisingizio cha mafua, alikuwa nalo mdomoni, akalimeza. Mimi ningelitumia. Ningelitumia siku ile ile kabla chai haijapoa.

Nilifanya kama alivyonieleza. Nikakwangua mpaka nikapiga chafya, nikafuta, nikapaka, nikangoja. Mshono wake sikuugusa. Kitambaa kimeshika, unaweza kukivuta ukitaka. Doa liko pale pale chini ya mkono wa kioo, na hilo ni langu.

Sasa sikiliza kwa nini nakuandikia, kwa sababu sitaki udhani nimekuwa mwema ghafla. Sikuweza kuvumilia kwamba katika dunia hii mtu pekee aliyewahi kukutetea juu ya jambo lile ni Riziki. Ndiyo sababu ya kwanza, na ni sababu ya wivu. Ya pili ni kwamba unaondoka ukiwa bado unadhani ulichapwa kwa gundi hafifu. Labda umesahau. Lakini nimekuona, hata utu uzima huu, babako akifungua mlango wa gari kwa nguvu unaficha mikono.

Niliazimia niifiche barua hii kwenye begi la bluu, ndani ya ile kofia, uikute ukiwa Kinango na mimi niko mbali na uso wako. Lakini nilipofika hapa kwenye karatasi nikaona kwamba kuna kipande nimekiruka, na nimekiruka makusudi.

Babako alipoinua ufito mara ya kwanza, ulinigeukia mimi. Ukasema, "Mama, mwambie. Wewe si ulikuwepo?" Ulidhani mimi ni shahidi wako. Ulinitazama kwa imani kabisa, hukuwa hata unalia bado, ulikuwa unangoja tu niseme ili yaishe. Na mimi nikakwambia, "Mpe babako mkono, Mishi." Ndivyo nilivyosema. Ukanyoosha mkono kwa sababu mimi ndiye niliyekwambia unyooshe.

Hicho ndicho Riziki asichokijua. Alikuwa ndani anavaa viatu.

Nimeiweka kalamu chini kwa muda baada ya kuandika hayo, nikaenda barazani kwa babako. Macho yake, mwenyewe unajua, siku hizi anatambua watu kwa sauti na kwa namna wanavyokanyaga. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nikikaa ningeanza kupunguza.

"Nilimchapa Mishi?" akauliza. "Siku ya Idd?"

Hakumbuki. Kwake ilikuwa asubuhi moja kati ya nyingi.

"Mara tatu," nikamwambia.

"Wapi?"

"Viganjani."

"Naye alisema nini?"

"Alisema si yeye."

"Na mimi?"

Nikamwambia alivyokujibu. Akavua kofia yake, akaipangusa, akaivaa tena. Nilingoja anigombeze. Nilitaka anigombeze, ili tuwe wawili wenye makosa na hasira igawanyike. Hakuniuliza hata neno moja juu yangu. Aliniuliza mnafika saa ngapi. Nikasema kabla ya magharibi, inshallah. Akaniomba nimhamishie kiti kutoka barazani mpaka langoni, karibu na barabara, nami nimekihamisha.

Kwa hiyo barua haiendi kwenye begi. Nitakupa mkononi, leo, pale barabarani unaposhuka, mbele ya Riziki, kisha nirudi jikoni, na ukitaka msome pamoja msome. Ile nafasi garini, kama baada ya kusoma bado ipo, niambie tu. Nina nguo moja ya kufunga. Kama haipo, niambie vile vile usoni, usinionee haya. Sitasema nina mahamri.

Lakini ukimaliza kusoma usiingie ndani kwanza. Najua ulivyozoea kuja moja kwa moja jikoni kunitafuta. Leo nipite. Simama na babako. Nimempelekea chai mara mbili, imepoa mara mbili, na kila gari likipunguza mwendo pale barabarani anainuka kitini, ananyoosha kanzu, anatega sikio.

Mamako,
Mwanatumu